Tarehe Isiyoandikwa Kwenye Boksi la Simu

Tarehe 29 Aprili 2024, Uingereza ilianza kutekeleza sheria inayomlazimisha mtengenezaji wa simu janja amjulishe mnunuzi, kabla pesa haijatoka mfukoni, kwamba simu ile itapata masasisho ya usalama hadi lini. Mwaka mmoja na ushei baadaye, tarehe 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya nao ukaanza kudai kwamba masasisho ya mfumo wa simu yapatikane bila malipo kwa muda usiopungua miaka mitano baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuingizwa sokoni.

Nilipozisoma habari hizo, fikra zangu zilikwenda kwetu Garsen, Kenya. Siku zile zile za Aprili na Mei 2024, Waingereza walipokuwa wakipewa haki hiyo, mto Tana ulikuwa umefurika, barabara ya Lamu imemezwa na maji upande wa Gamba na Lango la Simba, na watu wa Delta ya Tana walikuwa wanategemea simu kujua jamaa yao yuko wapi na maji yamefika wapi. Simu hizo walizinunua kwa jasho. Sijawahi kukutana na mtu wa kwetu hata mmoja aliyeambiwa na muuzaji, siku aliponunua, kwamba mfumo ulio ndani ya simu yake una mwisho, na mwisho huo ni lini.

Nasema hivi kwa sababu nimekaa miaka mingi kwenye kibanda cha simu pale Garsen, si mbali na stegi ambapo mabasi ya Mombasa na Lamu husimama abiria washuke wanunue maji na ndizi. Tulichaji simu, tukauza vocha, tukabadilisha vioo, tukaflashi, yaani tukaandika mfumo upya ndani ya simu. Alikuja mkulima wa Kipokomo kutoka Idsowe au Ngao, akaja mfugaji wa Kiorma ambaye ametembea tangu alfajiri, akaja mwalimu, askari, dereva wa lori linalopanda Hola. Kila mmoja aliweka mezani kitu kilichobeba nusu ya maisha yake, akaniuliza kwa nini hakifanyi kazi. Mara nyingi kioo kilikuwa kizima na betri ni nzuri. Kilichokwisha ni mfumo.

Simu janja ya kwanza ya bei ya watu wa kawaida kufika kwetu ilikuwa Huawei IDEOS, mwaka 2011. Safaricom ndiyo iliyoipeleka kwa Wakenya wengi, kwa bei isiyofika shilingi 10,000. Ilikuwa na kioo cha inchi 2.8 na ndani yake mfumo wa Android 2.2. Binamu yangu alitoka nayo Mombasa, na jioni hiyo tulikaa barazani tukipokezana kuishika. Kwa mara ya kwanza mtu aliyekaa ukingoni mwa Tana aliweza kuona ramani ya mto wake mwenyewe, na vijiji vya kwao vikiwa nukta ndogo kando ya maji.

Furaha ile haikudumu. Nafasi ya ndani ya simu ilikuwa finyu, na kila programu iliporudi na toleo jipya ilirudi imenenepa. Simu ikaanza kukwama, ikawa inazima yenyewe katikati ya maongezi. Binamu akaamini imeharibika, akawa tayari kumuuzia mtu kwa bei ya kutupa.

Aliyemzuia ni kijana mmoja mwanafunzi wa chuo aliyekuja likizo na kompyuta yake. Alisema kwamba simu haina ubovu wowote, ila mfumo wake umezeeka na waliouuza hawaleti mwingine, na kwamba kuna mfumo mwingine uitwao CyanogenMod, uliotengenezwa na watu wa kujitolea chini ya Mmarekani Steve Kondik, ambao toleo lake la saba liliibeba Android 2.3 na kukubali kukaa kwenye IDEOS. Tulitaka aanze papo hapo, naye akakataa. Umeme wa Garsen wakati ule ulikuwa wa kukatika bila taarifa. Laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu ilikuwa bado haijakamilika. Akataka kwanza simu ijae chaji, kompyuta ijae chaji, na majina yote ya binamu yanakiliwe. Kesho yake asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, ndipo akafanya kazi yake. Simu ilirudi nyepesi, na binamu akaitumia muda mrefu baada ya hapo.

Nilitazama kila hatua ya kazi ile, na mambo mawili yalinikaa. La kwanza ni kwamba chuma na mfumo ni vitu viwili, na kila kimoja kina umri wake. Chuma kinaweza kuwa na nguvu bado huku mfumo umeachwa na aliyeuleta. La pili ni subira ya kijana yule. Mfumo unapobadilishwa, kuna dakika ambazo simu haina mfumo wowote kamili ndani yake: wa zamani umefutwa, mpya haujakaa. Umeme ukikatika hapo, unabaki na kipande cha plastiki. Android ilileta dawa ya hatari hiyo mwaka 2016, katika toleo la 7, kwa kuipa simu vyumba viwili vya mfumo: mpya unaandikwa chumba cha pili huku wa zamani ukiendelea kufanya kazi, na mambo yakienda kombo simu inarudi ilikotoka. Lakini simu za bei ya chini, ambazo ndizo zinazofika kwetu, zilichelewa sana kupewa vyumba hivyo. Wenye umeme wa uhakika walipata kinga kabla ya wenye umeme wa kubahatisha.

Mwaka 2012 sipendi kuuzungumzia, lakini siwezi kuuruka. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa, wakafa watu zaidi ya 50, wengi wao kina mama na watoto. Mauaji yakaendelea huku na huku miezi iliyofuata, kwa Waorma na kwa Wapokomo, hadi waliokufa wakapita 100. Serikali ikaweka kafyu. Jua likizama hakuna aliyetoka nje, na kilichobaki cha kumuunganisha mtu na nduguye wa kijiji cha pili kilikuwa simu. Tuliziweka kifuani tukilala.

Katikati ya hali hiyo ndipo ulipofika muda wa mwisho uliowekwa na Tume ya Mawasiliano ya Kenya wa kuzima simu bandia. Tarehe 30 Septemba 2012 ikapita, na simu takriban milioni 1.9 nchini kote zikazimwa kwenye mitandao. Watu walikuja kibandani wakiwa na zile simu za Kichina za laini mbili, za spika kubwa zinazosikika hadi ng'ambo ya mto. Betri zimejaa, vioo vinang'aa, ila alama ya mtandao haipo. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mimi sikuiba simu hii. Nilinunua dukani, mchana, mbele ya watu."

Alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyewahi kumfundisha kubonyeza *#06# na kusoma ile nambari ya tarakimu 15, IMEI, ambayo mtandao huitumia kuitambua simu. Simu nyingi za aina ile zilitoka kiwandani zikiwa na nambari ya kubuni, au maelfu yao yakichangia nambari moja. Sababu ya serikali ilikuwa na msingi, maana simu isiyotambulika ni kichaka cha wahalifu, na mwezi ule sisi tulijua wahalifu ni nini. Lakini mzigo wote ulimwangukia mnunuzi wa mwisho, mtu aliye mbali zaidi na kiwanda na mbali zaidi na ofisi iliyotoa amri. Nilianza tangu wakati ule kumwonyesha kila mteja nambari yake, na kumwambia aiandike mahali pengine nje ya simu.

Miaka michache baadaye nambari hiyo ilirudi kwangu kwa njia nyingine. Alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa maembe. Alikuwa akikusanya maembe ya Delta kutoka kwa wakulima na kuyapakia kwenye magari ya Malindi na Mombasa, na biashara yake yote ilikuwa ndani ya simu. Siku moja alikubali sasisho huku chaji ikiwa ndogo, simu ikazima njiani, na tangu hapo kila ikiwashwa ilikuwa inaishia kwenye nembo. Akiwa safarini aliipeleka kwa fundi wa mji mwingine. Fundi akaiflashi, simu ikawaka vizuri, mama akalipa, akaondoka ameridhika. Alipopanda gari akagundua kwamba haina mtandao. Kila laini aliyotia ilikataa. Kwenye kioo palikuwa na maneno kwamba IMEI si halali.

Nilielewa kilichotokea kabla hajamaliza kueleza. Simu za bei nafuu nyingi zina chipu za MediaTek, na programu ya kuziflashi humpa fundi njia zaidi ya moja. Iko inayoandika mfumo mpya tu, na iko inayofuta kila kitu kwanza kisha ndiyo iandike. Hii ya pili inapendwa na mafundi wenye haraka kwa sababu inamaliza ubishi wa simu sugu. Lakini inafuta hata sehemu ndogo inayotunza IMEI. Mama alirudishiwa simu isiyo na utambulisho, na fundi alipopigiwa alisema alete aandikiwe nambari yoyote. Sheria ya mawasiliano ya Kenya inakataza kubadilisha utambulisho wa simu, na mama yule hakuwa mtu wa kutaka kesi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuitoa laini yake na kuitia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo. Akafungua M-Pesa, akaona salio lake lote lipo. Alikaa chini kwenye benchi akalia, akimshukuru Mungu. Alikuwa ameamini kwamba pesa zimefutwa pamoja na simu.

Nimekutana na imani hiyo mara nyingi, na ndiyo inayowafanya watu wengi waogope masasisho. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikaa kwenye laini, si kwenye simu, na hesabu yenyewe imo kwenye mitambo ya Safaricom. Simu ni mlango tu wa kuingilia. Mlango ukivunjika, nyumba ipo. Lakini si kila kitu kiko salama namna hiyo. Majina huenda yako kwenye laini, au kwenye akaunti ya Google, au kwenye simu peke yake, kutegemea mtu alichagua nini siku alipoyahifadhi. Picha ziko kwenye simu au kwenye memori kadi. Na huyu mama, baada ya daftari lake kulowa mvua msimu uliotangulia, alikuwa amejizoesha kupiga picha kila ukurasa wa madeni. Picha zile zilikuwa ndani ya simu. Hazikurudi. Wadeni wake waaminifu walimlipa, wengine wakamwuliza ushahidi uko wapi.

Kwa bahati alikuwa amelitunza boksi la simu chini ya nguo kwenye sanduku lake, na risiti imo. Nilimshauri aipeleke Mombasa kwa wakala wa waliotengeneza simu hiyo, na huko ikashughulikiwa. Tangu siku hiyo, kila nilipoulizwa swali la kusasisha au kuflashi, jibu langu lilianza kwa swali: pesa yako iko wapi, majina yako yako wapi, picha zako ziko wapi? Mtu akishindwa kunijibu, sikuigusa simu yake hadi tumezitafuta pamoja. Wako waliochukia wakaenda kwa fundi mwingine. Nilikuwa radhi kumkosa mteja.

Mafuriko ya 2018 ndiyo yaliyonifundisha zaidi ya yote.

Ni lazima nieleze kwanza jinsi maji yanavyotufikia. Mvua inaweza kukosa kunyesha Garsen hata tone na bado tukafurika, kwa sababu maji ya Tana yanatoka mlimani, Mlima Kenya na Aberdare, yanapita kwenye mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo kubwa la kuyazuia. Likijaa hadi kumwaga, KenGen, wanaoyaendesha mabwawa hayo, hutoa tahadhari, na maji huchukua siku kadhaa kushuka kupitia Garissa na Hola kabla ya kutufikia sisi tulio mkiani. Siku hizo kadhaa ni zawadi. Ndani yake mtu anaweza kuhamisha wazee, mbuzi, magunia ya mpunga, vyeti vya watoto. Lakini ni zawadi kwa aliyepata habari.

Wakati ule habari zilikuwa zinapita kwenye makundi ya WhatsApp ya vijiji. Aliye Garissa anapiga picha ya mto, anaituma. Aliye Hola anaongeza yake. Aliye Ngao anaona maji yatakuja na urefu gani. Mfumo huu haukuanzishwa na ofisi yoyote. Watu waliuunda wenyewe, na ulifanya kazi.

Mzee mmoja wa kamati ya kijiji chake alikuja kibandani siku ambazo habari za Masinga kujaa zilikuwa zimeanza kuenea. Kijiji kizima kilikuwa kinamtegemea yeye kusoma ujumbe na kuwatangazia wengine. Alinipa simu akaniuliza, "Mwanangu, hii simu inaniambia nini?" Kioo kilikuwa na tangazo la WhatsApp kwamba toleo lake limepitwa na wakati, na hataweza kusoma wala kutuma hadi alisasishe. Alikuwa amelijaribu sasisho, likakataa, kwa sababu simu ilikuwa imejaa video za harusi na mahubiri hadi pomoni. Bando lake nalo lilikuwa limekwisha: mfumo wa simu ulikuwa umejaribu kujipakulia toleo jipya kwa bando hilo hilo, ukaishia njiani. Siku nzima na usiku wake kundi lilikuwa linapashana habari za mto, na yeye, mtangazaji wa kijiji, hakuwa anaona lolote.

Tulihamishia video kwenye memori kadi moja baada ya nyingine, na hakuna harusi iliyopotea. Nikazima ile ruhusa ya mfumo kujipakulia kwa bando. WhatsApp nikamshushia kutoka duka la programu lenyewe, kwa intaneti ya kibandani, ingawa vijana waliokaa pale walikuwa tayari kumrushia nakala kutoka simu zao kwa programu ya Xender. Nakala za kurushiana sikuziamini, hasa zile zilizorembwa kwa rangi na majina mengine. Mwaka 2022 Kaspersky walikuja kuonyesha kwamba mojawapo ya nakala hizo, YoWhatsApp, ilikuwa imebeba programu ya kuiba funguo za akaunti ya mtu. Kwa mzee mwenye kuaminiwa na kijiji kizima, wizi wa akaunti ni hatari kuliko wizi wa simu.

Simu ilipofunguka, ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine bila kupumzika. Mzee aliusoma akiwa amesimama. Hakungoja hata chenji yake; alipanda bodaboda akarudi kijijini. Watu wake walihama kwenda sehemu ya juu kabla maji hayajaingia, na kaunti yetu mwaka ule ilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa zaidi Kenya nzima.

Najua uokoaji ule ulikuwa wa watu wengi, na sidai kwamba sasisho la programu ndilo lililowaokoa. Lakini nilikiona kwa macho yangu kizuizi kilichokuwa kati ya tahadhari na mtu aliyekuwa aipokee, na kizuizi hicho kilikuwa toleo la zamani na memori iliyojaa. Tunapoandaa vijiji kwa masika, tunakagua mitumbwi, tunahesabu maturubai, tunachagua pa kukimbilia. Simu za wanakamati nazo zikaguliwe: zina nafasi, zina chaji ya sola, zimesasishwa wakati mto ukiwa bado umelala ndani ya kingo zake.

Siku hizo za kambi za waliokimbia mafuriko zilileta pia ubishi mkubwa, maana watu walikaa na simu zao mchana kutwa. Mwalimu mmoja alishikilia kwamba kusasisha ni hila ya makampuni ya kuzifanya simu ziwe nzito ili tununue nyingine. Watu walimwunga mkono, na sikuweza kumpuuza. Desemba 2017 Apple ilikuwa imekiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Ilidai lengo ni kuzuia simu isizime ghafla, lakini haikuwa imewaeleza wenye simu waziwazi. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020. Hofu ya mwalimu ilikuwa na ushahidi.

Hata hivyo nilimwambia, na bado naamini, kwamba masasisho ni ya aina mbili na hayastahili hukumu moja. Kiraka cha usalama ni kidogo. Kazi yake ni kuziba tundu ambalo wezi wanalijua. Hicho kikubali mara kinapofika. Toleo zima jipya la mfumo ni jambo jingine, na mwenye simu ya memori ndogo ana haki ya kusubiri wiki kadhaa asikie wenye simu kama yake wanasemaje. Anayekataa yote mawili kwa kuogopa la pili anaacha wazi mlango wa pesa zake.

Na wezi hao wapo kweli. Agosti 2020 huduma ya usalama wa simu iitwayo Secure-D ilitangaza kwamba ilikuta programu haribifu za Triada na xHelper kwenye simu aina ya Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zikiwaandikisha wenye simu kwenye huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion, kampuni mama ya Tecno, ilijibu kwamba kasoro ilitoka kwa mmoja wa wagavi wao, na kwamba tiba ilikwisha kutolewa kwa njia ya sasisho. Kwa hiyo aliyesasisha alipona, na yule ambaye hakusasisha aliendelea kukatwa salio na kulaumu mtandao. Watu wa aina hii wa pili nimewaona wengi, wakinunua vocha asubuhi na kuuliza jioni imekwenda wapi.

Mwaka huo wa 2020 uliniletea pia vijana wa bodaboda wenye simu za Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa Safaricom na Google wa kulipa shilingi 20 kwa siku. Ulikuwa mpango mzuri; kijana ambaye asingeweza kutoa elfu sita kwa pamoja alipata simu yenye Android Go. Lakini mwenye kuacha kulipa alifungiwa simu kwa mbali, na wako walionitaka nibadilishe mfumo ili kufuli iondoke. Nilikataa, kwa kuwa deni ni deni. Ila nilijifunza hapo kwamba simu inaweza kulala mfukoni mwako huku mfumo wake ukimtii mtu aliye Nairobi au California. Ni vema mnunuzi alijue hilo kabla ya kutia saini.

Kisha ikaja orodha ya simu zinazoachwa. WhatsApp iliacha Android 2.3.7 na za chini yake tarehe 1 Februari 2020, ikaacha 4.0.4 na za chini yake Novemba 2021, na Oktoba 2023 ikapandisha kiwango hadi Android 5. Kila tarehe kama hiyo ilipopita, asubuhi yake kulikuwa na watu wananisubiri nifungue kibanda. Wengi walikuwa wazee na kina mama, waliorithi simu kutoka kwa watoto wao walioko Mombasa na Nairobi. Kwao niliweza kufanya kidogo sana. CyanogenMod yenyewe ilifungwa Desemba 2016, na ingawa LineageOS iliirithi kazi yake, mfumo huo haukubali simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwetu. Ilinibidi nimwambie mtu ambaye simu yake haina hata mkwaruzo kwamba imefika mwisho.

Hapo ndipo ninapozionea wivu zile sheria za Uingereza na Ulaya. Kampuni zenyewe zinaweza, zikitaka. Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung ikaahidi hiyo hiyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Ahadi hizo zilitolewa kwa simu za bei ambayo mkulima wa mpunga hawezi kuifikia. Anayemudu kununua simu mpya kila mwaka ndiye aliyepewa miaka saba, na anayeitumia simu moja hadi ipasuke hakuambiwa hata mwaka mmoja. Nchini mwetu tangu Oktoba 2023 kuna kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kilichoanza kwa simu za shilingi 7,499 na 8,999. Simu za kuunganishwa nyumbani zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni hili: kila simu janja inayouzwa nchini iandikwe kwenye boksi lake, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, tarehe ya mwisho ya kupata viraka vya usalama. Mamlaka hiyo hiyo, ilipokuwa bado inaitwa Tume, iliweza kuzima simu milioni 1.9 kwa siku zilizohesabika; kuagiza mstari mmoja kwenye boksi ni kazi ndogo kuliko hiyo. Kamati za mafuriko za Delta nazo ziweke ukaguzi wa simu kwenye maandalizi yao ya kila masika na kila vuli.

Nawe msomaji, fungua mipangilio ya simu yako leo, nenda sehemu ya maelezo kuhusu simu, utafute tarehe ya kiraka cha usalama. Ikiwa imepita mwaka, nakili majina na picha zako, jaza chaji, tafuta intaneti isiyokula bando, kisha usasishe. Sasisho likiwa halipo tena, anza kuweka akiba ya simu nyingine. Na siku utakayokwenda kuinunua, kabla hujauliza kamera ina nguvu gani, mwulize muuzaji itasasishwa hadi mwaka gani. Akishindwa kukujibu, nenda duka la pili.